Siku ya Posho Mbele ya Vitabu vya Okazio



Balo la nguo, tunajua wote namna ya kulifungua. Tunaamka mapema, tunainama, tunageuza, tunavuta mshono kuona kama unashika, na mama anayefika saa nne anakuta wenzake wamekwisha kuchagua vilivyo vizuri. Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kingine kinachouzwa vilevile, chini juu ya makartoni ao juu ya meza za mbao, ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitupia jicho. Ni vitabu vya okazio.

Siku ya posho iliyopita tulitoka wamama watano wa kikundi, tukaenda katikati ya mji wa Lubumbashi. Hatukuwa na orodha. Kila mmoja alikuwa na faranga elfu kumi katika kitambaa, na sharti lilikuwa moja tu: mtu asinunue kitu chochote katika nusu saa ya kwanza. Aangalie tu.

Kuangalia tu ndiyo raha yenyewe. Katika duka kubwa lenye vioo, mlinzi anatazama kwanza viatu vyako, kisha anatazama kitunga chako. Huku barazani unaweza kusimama na sombe mkononi na mtoto mgongoni, ukafungua kitabu katikati, ukasoma ukurasa mzima, ukakirudisha, na hakuna anayekuuliza kitu. Muuzaji wa vitabu si kama muuzaji wa nyanya. Nyanya zinaoza jioni, kwa hiyo anakuita, anakushika nguo. Kitabu kimekwisha kungoja miaka 30 na kinaweza kungoja tena hata kesho kutwa. Yule tuliyesimama kwake muda mrefu alikuwa anasoma yeye mwenyewe, miguu juu ya tofali, na alipoona tunageuza upande mmoja tu alisema bila kuinua kichwa: « Mama, weye unatafuta cha mutoto ao cha weye mwenyewe? »

Swali hilo lilitunyamazisha kidogo. Wanne kati yetu walijibu pamoja: cha mtoto. Maana tumezoea hivyo. Kitabu ni kitu cha masomo, ni kama kalamu na shati jeupe, kinanunuliwa Septemba na mwalimu ndiye anayekitaka. Tangu 2019 Serikali inasema masomo ya msingi ya leta ni ya bure, lakini kila mama anajua kwamba kitabu hakikuingia katika ile bure, na mtoto wa darasa la sita anayejitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi anarudi nyumbani na kile alichonakili ubaoni, basi. Ndiyo sababu sehemu ya kwanza ya kila meza imejaa vitu vya masomo: sarufi ya Kifaransa bila jalada, hesabu, na vile vijitabu vya maswali ya zamani ya Examen d'État ambavyo vijana wetu wanaviita « items ». Hivyo vinakwenda haraka kuliko mkate. Muuzaji anaviweka karibu na mkono wake, anajua.

Lakini pita sehemu hiyo. Nyuma yake mambo yanakuwa matamu.

Tulikuta Martine, yule binti wa vitabu vya Ubelgiji mwenye mbwa mdogo na nguo zilizopigwa pasi, watatu katika fungu moja, na mmoja wao alikuwa amechorwa masharubu kwa bik. Tulikuta magazeti ya watoto ya Kouakou, ambayo wamama wenye umri kama wetu waliyasoma wakiwa wadogo na hawakujua kama yanaishi bado. Tulikuta riwaya za mapenzi za Harlequin, nyingi mno, zimepangwa kama matofali, na hatutasema ni mama gani kati yetu alinunua mbili. Tulikuta kamusi, misale, kitabu cha kufuga nyuki, kitabu cha kutengeneza motokari ya aina ambayo haipiti tena katika barabara zetu. Vitabu hivi vilikuja wapi? Vingine vimetoka Ulaya katika makontena, pamoja na friji na magodoro. Lakini fungua ukurasa wa kwanza wa vingi, utaona jina limeandikwa kwa mkono mzuri wa zamani, na tarehe, na pengine neno « Likasi » ao « Kipushi ». Hivyo ni vya hapa. Ni vya baba waliofanya kazi Gécamines, vya walimu, vya waganga wasaidizi, vya wanafunzi wa chuo kikuu waliomaliza na kuuza ili wapate tikiti ya kurudi kwao.

Mama mmoja alikuwa amekuja na mtoto wake wa miaka tisa. Mtoto alikaa chini na atlasi kubwa yenye jalada lililokatika, akatafuta inchi yetu, akakosa. « Mama, Kongo haiko. » Ilikuwa imeandikwa Zaïre. Akatafuta Katanga, akakosa tena, maana ilikuwa imeandikwa Shaba. Hapo pale chini, kati ya miguu ya wapita njia, alipata somo lote: kwamba kutoka 1971 mpaka 1997 inchi ilikuwa na jina jingine, na Katanga vilevile, kwamba bibi yake alizaliwa katika mji ulioitwa Élisabethville bila kuhama hata siku moja, kwamba yeye mwenyewe anaishi Haut-Katanga kwa sababu mwaka 2015 jimbo kubwa liligawanywa mara nne. Atlasi ile haifai tena kwa mtihani. Tuliinunua hata hivyo kwa elfu nne, na sasa watoto wa parseli tatu wanaigombania, wanatafuta majina yaliyokufa.

Kisha tukaanza kutafuta watu wetu wenyewe, maana inaumiza kuona Martine watatu na hakuna hata mmoja anayeitwa Kapinga ao Mwamba. Wako, lakini wamejificha, kwa sababu vitabu vyao ni vyembamba. Zamenga Batukezanga ndiye anayeonekana kwa urahisi. Wengi wenu mnalijua jina lake kutoka masomoni. Alianza na Les Hauts et les bas mwaka 1971, na vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa Saint-Paul huko Kinshasa: vidogo, vya Kifaransa chepesi, vya mambo ya nyumba zetu, ndoa, uchawi, mtu aliyetoka kijijini na kupotea mjini. Wasomi wengine walimdharau kidogo juu ya wepesi huo. Sisi tunaona ni kinyume. Mama aliyesimama masomo katika darasa la sita anaweza kumsoma Zamenga mpaka mwisho, na kumaliza kitabu ni jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulionja.

V. Y. Mudimbe ni mambo mengine. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha hapa Lubumbashi, akaenda kuishi Marekani ambako alifariki 2025. Kuna padri mmoja katika riwaya yake ya 1973, Entre les eaux, anayekimbilia kwa waasi wa porini. Ni kitabu kigumu, tuseme ukweli; kijana wa chuo alitusaidia. Clémentine Nzuji tulimtafuta meza zote na hatukumpata. Alikuwa binti wa miaka 20 tu mwaka 1964 alipokuwa kiongozi wa kundi la vijana washairi lililoitwa Pléiade du Congo, na wengi wa wenzake walikuwa wanaume. Muuzaji mmoja alisema alikuwa naye mwezi uliopita, akamuuzia profesa. Wauzaji wote wa okazio husema hivyo, kama wavuvi wa samaki aliyeponyoka. Lakini alituomba namba ya simu na akaiandika ndani ya jalada la kamusi yake, na hapo tulimwamini.

Kuna kitabu kingine ambacho hatukutegemea kukiona, ila tulikizungumza njiani. Mwaka 1965, hapa mjini, watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu walitoa kijitabu cha historia ya mji, kwa Kiswahili cha kwetu hiki hiki, si kile cha misale. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, na André Yav ndiye aliyekiandika. Kilikuwa karatasi chache zilizopigwa kwa mashini. Watu wa chuo kikuu, hata huko Ulaya na Marekani, wamekisoma na kukiandikia vitabu vinene. Fikirini kama karatasi zile zingepita mikononi mwa muuzaji wa kalanga.

Maana hapo ndipo mambo yanapouma. Nyote mmekwisha kununua kalanga zilizofungwa katika ukurasa wa kitabu. Mmekwisha kupokea mikate ya mafuta juu ya sarufi. Muuzaji wa kalanga hana kosa: anahitaji karatasi, ananunua kwa kilo, na anayemuuzia ni sisi. Ni sisi wamama tunaosafisha nyumba, tunaoona sanduku la vitabu linakula nafasi ya gunia la bunga, tunaosema « hizi karatasi za nini? » Kitabu kikiingia kwa kilo hakitoki tena. Kikienda kwa muuzaji wa okazio, kinaweza kupita katika nyumba kumi nyingine.

Mmoja wa wamama wa kikundi chetu ni mjane tangu mwaka uliopita. Hatutaji jina lake, na ametupa ruhusa ya kueleza. Mume wake alikuwa mwalimu. Baada ya matanga ndugu za mume walikuja na motokari, na mnajua wenyewe walichobeba: televizyo, kitanda, viti, hata mashini ya kushona ambayo ilikuwa yake. Sanduku la vitabu walilifungua, wakalifunga, wakaliacha. Kwao halikuwa na bei. Yeye mwenyewe hasomi vizuri Kifaransa, na mwezi wa Februari, feza ya nyumba ilipopungua, alitaka kuliuza kwa kilo. Alikuwa amekwisha kuelewana na muuzaji wa kalanga wa kona.

Tulimwomba asubiri siku mbili. Tukatoa vitabu vyote uani, juu ya kitenge, binti yake mkubwa akawa anasoma majina. Vilikuwa 61. Na kabla ya kufikiria bei, yaya mmoja wa kikundi, mzee kuliko sisi, akasema: tingisheni kila kimoja. Watu wa zamani huficha vitu katika vitabu. Ilitoka picha ya ndoa. Ilitoka karata ya chanjo ya mtoto wa kwanza. Ndani ya kitabu cha jiografia zilitoka karatasi mbili za dukani, za mabati na simenti, na juu yake aliyeandikwa kama mnunuzi hakuwa mume. Alikuwa yeye, mama mwenyewe, jina lake lote, na tarehe ya wakati walipokuwa wanajenga nyumba ile ambayo leo ndugu za mume wanasema ni ya ukoo wao. Alikuwa anauza samaki wakati ule. Feza ya mabati ilikuwa yake. Alikuwa amesahau kama karatasi zipo.

Karatasi hizo zina nguvu gani mbele ya tribinali, sisi hatuwezi kusema. Ziko sasa kwa mwanasheria pamoja na nyingine, na mambo bado hayajakwisha. Kalanga za kona zimefungwa katika karatasi za watu wengine.

Vitabu vyenyewe tulivipeleka kwa yule mzee wa tofali. Alichagua 22, akalipa papo hapo, na bei aliyotoa kwa 22 ilikuwa zaidi ya ile ya kilo kwa sanduku lote. Vingine alikubali kuviweka mezani na kugawana feza vikiuzwa. Mama alibakiza kimoja tu kwa ajili yake. Alikichagua kwa sababu ya jalada, lakini bahati ilimpa vizuri: Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka 1979. Ni barua ya mjane anayekaa matanga na kumwandikia rafiki yake wa zamani juu ya mume aliyemwacha kwa mke wa pili. Binti anamsomea jioni na kumfasiria. Mama anamkatiza kila mara: « Ngoja. Huyu mwanamke ni wa Senegali kweli? » Kitabu hicho kiko pia kwa Kiswahili, kimefasiriwa Tanzania kwa jina Barua Ndefu Kama Hii, na tumewaomba wafanyabiashara wanaopita Kasumbalesa na kufika mpaka Dar es Salaam wakitutafutie. Vitabu vya Kiswahili ni haba sana katika meza za hapa. Inashangaza, katika mji ambamo kila mtu anagombana, anaposa na kusali kwa Kiswahili, kwamba meza tano zote zilitupa kwa lugha hiyo vitabu vya nyimbo, Agano Jipya mbili, na hadithi moja ya sungura bila mwisho.

Bila mwisho, ndiyo. Mtazame kabla ya kulipa. Fungua kurasa za mwisho kwanza, kwa sababu ndizo zinazokatika, kisha fuata namba katikati. Nusa: harufu ya ukungu inaingia katika vitabu vingine nyumbani, na wakati wa mvua wauzaji wanafunika meza kwa plastiki, lakini maji yanajua njia. Vijitobo vidogo ni vya wadudu, kitikise juani. Ukigundisha mgongo kwa uji wa bunga, weka mahali ambapo mende hawafiki, maana kwao hicho ni chakula cha jioni.

Na kuna vitabu vya kununua kwa macho mawili. Tuliona Code de la famille, jalada zuri, bei ndogo. Ilikuwa ya sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 kama ilivyotoka. Katika ile, kifungu cha 448 kinasema mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya mume wake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza kazi yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo; sasa bibi na bwana wanatakiwa kusikilizana. Mama anayesoma kitabu cha zamani bila kuangalia mwaka atatoka amefungwa tena kwa kamba iliyokatwa. Ni vilevile kwa vitabu vya afya. Kimoja kilikuwa kinafundisha kumpa mtoto maji ya sukari tangu wiki za kwanza, na kutibu malaria kwa klorokini. Leo kliniki inatuambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji hapana, na klorokini haitumiwi tena hapa kwa malaria. Vitabu vya namna hii tunavisoma kama historia, na havikai karibu na sanduku la dawa.

Juu ya bei, wamama, hamtaki mafundisho. Ila sikilizeni namna mmoja wetu alivyofanya.

« Papa, hii ni faranga ngapi? »

« Elfu sita, mama. »

« Elfu sita, na Martine mwenyewe ameota masharubu? »

Mzee alicheka mpaka akaweka kitabu chake chini. Zikawa elfu tatu, na juu yake akaongeza Kouakou mbili kama matabishi. Tulirudi na vitabu 14 kwa watu watano, na feza ya basi ilibaki.

Hivyo 14, pamoja na vile ambavyo mama mjane ametuazima kabla havijauzwa, viko sasa katika mfuko mmoja wa bunga uliofuliwa, na mfuko unafuata likelemba: mama anayepokea feza juma hilo anapokea na mfuko, anautunza mpaka juma lijalo. Kila anayechukua kitabu anaandika jina katika kaye ndogo. Mpaka leo jioni Zamenga anangojewa na wamama sita, atlasi imekwisha kupoteza Australia, na Harlequin mbili hazijaonekana tena. Anayezo anajijua. Siku ya posho ijayo, kama mvua haikunyesha, tunatoka tena saa mbili na nusu, na safari hii tunaanzia kwa mzee wa tofali, kwa sababu amepiga simu na kusema amepata kitabu chembamba cha mashairi cha mwanamke.